Sindano nyembamba, sindano nene ama theata? Ukiambiwa "tuchukue sampuli", soma hii kwanza

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, saa zingine kwa dirisha la labu, saa zingine nikiwa kwa boda narudi Kondele, na juzi niliulizwa matangani tukiwa bado kwa laini ya chakula: "Daktari mmoja amesema sindano inatosha, mwingine anasema lazima nikatwe kinyama, sasa nimfuate nani?"

Mimi si daktari. Ni mtu wa labu, nimekaa miaka kwa benchi inayopokea hizi sampuli hapa Kisumu, zile za hapa town na zile zinakuja na matatu kutoka Bondo, Ahero, Sondu hadi Busia, na nimeona ya kutosha kujua kwamba wale madaktari wawili mara nyingi wote wako sawa, ni vile kila mmoja ana swali lake anataka lijibiwe. Shida ni mgonjwa haambiwi swali ni gani. Anaambiwa tu "sampuli", anatoka na fomu, anaanza kupigia watu simu.

Basi nitalinganisha njia tatu: sindano nyembamba ya kunyonya seli (kwa fomu utaona imeandikwa FNA), sindano nene ya kutoa kipande cha nyama, na kukatwa theata. Na wale mnaotafuta mtoto msiondoke, hizi njia zinawahusu pia, nimewawekea sehemu yenu huko mbele.

Kwanza, unalinganisha nini?

Kwa kila njia nitaangalia mambo yale yale: inajibu swali gani, inauma na ina hatari kiasi gani, majibu yanakaa muda gani, pesa (na hapa nahesabu pesa ya kurudia, juu hiyo ndiyo humaliza watu), na ikishindwa kutoa jibu, unabaki wapi. La kwanza ndilo kubwa.

Na ili lieleweke lazima ujue seli na kinyama si kitu kimoja. Seli zikitolewa peke yake ni kama watu umewakuta stendi ya basi, unaona sura zao, unaweza kusema huyu ni mzima huyu ana kitu, lakini hujui wametoka nyumba gani wala wanaishi na nani. Kinyama ni boma lenyewe: nyumba iko wapi, mlango unatazama wapi, na muhimu kabisa, nani ameruka ua. Kuna magonjwa ambayo sura za seli zinafanana kabisa, yule wa heri na yule wa shari ni kama mapacha, kilichobadilika ni kwamba wa shari ameruka ua akaingia kwa jirani. Hapo ukileta watu wa stendi peke yao hata mtaalamu awe bingwa namna gani hawezi kukuambia, juu ua haukuletwa.

Sindano nyembamba

Sindano yenyewe ni kama ile ya kutolea damu, mara nyingi nyembamba zaidi. Daktari anashika uvimbe, anaingiza, anaichezesha mbele na nyuma haraka haraka, seli zinaingia ndani ya sindano, halafu zinapulizwa kwa slaidi na kupakwa kama siagi kwa mkate. Inarudiwa mara 2 hadi 5 kwa sehemu tofauti za uvimbe. Slaidi zingine zinaachwa zikauke, zingine zinatumbukizwa papo hapo ndani ya spiriti ya asilimia 95, na hapa nasema *papo hapo* juu sekunde chache tu za kuzubaa seli zinakauka vibaya zinaharibika sura. Si kitu kipya wala si jaribio: daktari mpasuaji Martin na mwenzake wa labu, Ellis, waliandika kuhusu njia hii New York mwaka 1930, na baadaye Wasweden wa hospitali ya Karolinska wakaifanya kazi ya kila siku.

Inajibu nini? Inajibu vizuri sana swali la "ni kitu gani hiki kwa ujumla". Tezi zimevimba shingoni, ni TB ama ni kitu kingine? Sindano moja, na tone lililobaki linaweza kwenda kwa mashine ya GeneXpert likatafutwa TB moja kwa moja. Uvimbe wa titi, ni maji tu ama ni nyama? Ukidungwa maji yakatoka na uvimbe ukaisha, mmemalizana siku hiyo hiyo mara nyingi. Goita, ina seli za kutilia shaka ama ni ya kawaida?

Na kuna mgonjwa mmoja kwa upande wetu huu wa ziwa ambaye hii sindano ni kama imetengenezewa yeye, mtoto mwenye uvimbe wa taya. Lile gonjwa lina jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyelieleza mwaka 1958 akiwa Uganda hapo jirani, na linapenda sehemu zenye malaria nyingi kama zetu. Ni kati ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, uvimbe unaweza kuwa mara mbili kwa siku moja ama mbili. Jino linalegea Jumatatu, wiki ijayo uso umebadilika. Mzazi wa huyo mtoto hana wiki tatu za kusubiri, na seli za Burkitt kwa darubini zina sura yao, buluu iliyokoza na vitundu vyeupe vidogo vidogo, patholojisti, yule daktari anayesoma sampuli kwa darubini, akiziona anajua aanzie wapi hata kabla kinyama hakijaja kuthibitisha. Dawa zake zinafanya kazi, hiyo ndiyo sababu haraka ina maana.

Kisichojibiwa sasa. Kwa titi, sindano inaweza kusema "seli hizi ni za kansa" lakini haiwezi kusema kama kansa imetoka nje ya mrija wa maziwa ama bado imefungiwa ndani, ile habari ya kuruka ua. Kwa goita, kuna aina moja ya uvimbe ambapo wa heri na wa shari wanatofautiana tu kwa ganda linaloufunika, je limetobolewa ama la. Ripoti za goita huwa na ngazi 6, ukipata ngazi ya 4 si kwamba mtu wa labu amekataa kusema, ni kwamba ganda halikuletwa. Watu hurudi wakilalamika "sasa nimelipa mkaniambia labda". Ndio, labda ndiyo jibu la kweli hapo.

Maumivu ni ya kudungwa tu, wengi hawapewi hata ganzi, unaamka unaenda kazi. Inaweza kuacha alama ya buluu siku mbili tatu. Majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo kama patholojisti yuko, ama siku chache. Ni rahisi kuliko zingine zote. Ikishindwa, ripoti inakuja "haitoshi", yaani damu tupu ama seli chache, na hapo unarudi kuanza upya. Hiyo hutokea zaidi kama aliyedunga hana mazoea ya kazi hiyo kuliko kama uvimbe wenyewe ni mgumu, nasema tu venye nimeona kwa slaidi.

Sindano nene

Wale wamewahi kuuza mahindi wanajua bambo, kile chuma chenye mfereji mnunuzi anadunga nacho gunia, kinatoka na punje za juu mpaka za katikati kwa mpangilio wake bila gunia kufunguliwa. Sindano nene ni bambo. Kwa titi huwa na upana wa kama milimita 2, unapigwa ganzi kwanza, ngozi inachanwa kidogo sana, halafu kuna springi inafyatuka, *ta!*, inatoka na uzi wa nyama kama tambi, urefu wa sentimita 1 hadi 2. Zinatolewa kadhaa. Mwambie mgonjwa kuhusu huo mlio mapema jamani, kuna mama aliruka kitandani akidhani kitu kimevunjika.

Hii tambi ni ndogo lakini ni boma, ina ukuta na ua wake. Kwa titi ndiyo inafungua mlango ambao sindano nyembamba kwa kawaida haiufungui vizuri: inaweza kupimwa kama kansa inakula homoni (utaona ER na PR kwa ripoti) na kama ina ile protini ya HER2. Si mapambo hayo. Hayo ndiyo huamua kama mama atapewa vidonge vya homoni kwa miaka, ama dawa za HER2, ama njia nyingine kabisa. Kwa hivyo ukiwa na uvimbe wa titi ambao daktari kwa mkono na kwa picha tayari anaushuku, kupitia sindano nyembamba kwanza mara nyingi ni kulipa mara mbili, juu hata ikisema kansa bado utarudishwa kwa sindano nene. Hapa ndipo pesa ya kurudia inauma. Nimeona watu wameuza mbuzi kwa kipimo cha kwanza, cha pili wakakosa.

Sasa jambo moja la labu ambalo hakuna mtu huwaambia. Kinyama kikitoka kinafaa kuingia kwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ile ya asilimia 10, mara moja, na fomalini iwe nyingi, kama mara 10 ya kinyama. Si maji. Si spiriti ya kidonda. Si maji ya dripu. Nimepokea kinyama kimeletwa kwa chupa ya soda na maji ya mfereji, kimesafiri nusu siku kwa matatu, kikifika kimeoza, na nilimpigia yule kijana aliyekileta nikamwambia mama yake itabidi arudi adungwe tena, akanyamaza muda mrefu. Kwa titi kile kinyama kinafaa kukaa ndani ya fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, ndipo vile vipimo vya homoni viaminike. Piga hesabu: ukidungwa Alhamisi jioni kuelekea likizo ya Pasaka, na labu inafunguliwa Jumanne, umepita. Uliza. "Kitaenda labu lini?" ni swali la adabu kabisa, hakuna daktari wa maana atakukasirikia.

Hatari ni damu kuvilia, na mara chache kuambukizwa kidonda. Kama unakunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi sema kabla, hata ile aspirini ya kila siku. Muda ni mrefu kuliko sindano nyembamba juu kinyama lazima kikaushwe, kizamishwe kwa nta ya moto, kikatwe vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5, kipakwe rangi. Usiku mmoja angalau ni wa mashine, siku zingine ni za foleni ya patholojisti. Ghali kuliko ya kwanza, sindano yenyewe inatumika mara moja inatupwa. Ikishindwa, kwa kawaida ni kwamba ilipita kando ya uvimbe, ndiyo maana ikifanywa huku ultrasaundi inaangalia ni afadhali.

Theata

Hapa kuna mbili ndani ya moja. Kuna kukata kipande cha uvimbe mkubwa, na kuna kuutoa wote. Mnunuzi amesema fungua gunia mwaga kwa turubai.

Inajibu maswali yote ya boma, na kwa magonjwa mengine hakuna njia ya kuikwepa. Kansa ya tezi, ile ya limfoma ya watu wazima, wataalamu wanataka tezi nzima wakiweza, juu aina zake ni nyingi na zinatambulika kwa mpangilio, ukileta punje chache utaambiwa "inashukiwa limfoma, tafadhali toa tezi". Ile goita ya ngazi ya 4 pia mwisho wake mara nyingi ni hapa, upande mmoja unatolewa ndipo ganda lionekane. Na kuna uvimbe ambao ukishautoa ndio dawa na kipimo kwa pamoja, kama uvimbe mdogo wa chini ya ngozi.

Lakini kwa titi, kukimbilia theata kama kipimo cha kwanza kwa uvimbe unaoshukiwa ni kosa linalofanyika sana. Ikitokea ni kansa, upasuaji wa kwanza haukupangwa kama wa kansa, kwa hivyo inabidi kurudi ndani mara ya pili, na saa zingine mpango wa dawa kwanza ndipo kisu umeshaharibika. Wanaosema "toa tu ujue" wana nia nzuri.

Na niseme lile la moyoni. Kuna jirani yangu alitolewa uvimbe mahali ambapo sitataja, akaambiwa "tumetoa, ulikuwa mafuta tu", akaenda nyumbani akifurahi. Hakuna kilichopelekwa labu. Miezi minane baadaye umerudi mkubwa kuliko ule, na hakuna mtu anaweza kujua wa kwanza ulikuwa nini juu ulitupwa kwa ndoo. Chochote kinachotolewa kwa mwili wako kiende labu, na ukiweza, uione ile chupa ina jina lako kabla hujaondoka.

Maumivu na hatari: ganzi ama kulazwa usingizi, nyuzi, kovu, siku za kukaa nyumbani, na bili ya theata. Tangu Oktoba 2024 NHIF ilipoachia SHA nafasi, uliza kitengo cha bima kabla ya tarehe, si baada ya kushonwa. Majibu yanachukua muda kama wa sindano nene ama zaidi kidogo, kipande kikubwa kinahitaji muda kuiva ndani ya fomalini, inaingia polepole, kama milimita moja kwa saa. Faida ni kwamba ni nadra ripoti kuja "haitoshi".

Ile hofu ya "wakigusa itasambaa"

Naijibu kwa ufupi juu itaulizwa tu. Kwa titi, kwa tezi za shingo, kwa goita, kuacha kupimwa kwa kuogopa sindano itasambaza kansa kunaumiza watu wengi kuliko sindano. Seli kufuata njia ya sindano hutokea kwa nadra sana. Lakini hofu hiyo haikutoka hewani. Kuna sehemu mbili ambapo madaktari wenyewe wanaepuka kudunga: uvimbe mgumu ndani ya korodani unaoshukiwa kansa, ambapo korodani inatolewa kupitia kinena, haidungwi kupitia mfuko, na uvimbe wa ovari unaoshukiwa kansa ambao bado haujapasuka. Kwa hivyo kijana akiniambia ana jiwe kwa korodani na mtu anataka kumdunga sindano kwa kliniki, hapo nitamwambia asimame aende akaone daktari wa mfumo wa mkojo.

Sasa wale wanaotafuta mtoto

Hapa niko makini kidogo, juu kwetu huyu ni mama peke yake anazungushwa hospitali miaka mitatu, mashemeji wanaongea, na mzee hajawahi kutoa hata chupa moja. Karibu nusu ya visa, mwanaume ana sehemu yake. Kwa hivyo kabla ya sindano ama kisu popote, mwanaume apimwe manii: akae siku 2 hadi 7 bila kutoa, sampuli ifike labu ndani ya saa moja, na isije kwa kondomu ya kawaida maana dawa iliyomo inaua mbegu. Shirika la Afya Duniani, kwa kitabu chao cha 2021, wanaweka mstari wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, ama milioni 39 kwa jumla. Chini ya hapo si hukumu, ni ishara. Na kama ulikuwa na malaria kali mwezi uliopita, usikubali kipimo kimoja, mbegu hutengenezwa kwa muda wa kama miezi miwili na nusu na homa inazipiga, rudia baada ya miezi 3.

Ikitoka sufuri mara mbili, hata baada ya labu kuzungusha sampuli kwa mashine na kutafuta chini, ndipo swali la sampuli ya korodani linakuja. Na swali lenyewe ni hili: kiwanda kinafanya kazi lakini bomba limeziba, ama kiwanda chenyewe hakitoi? Mara nyingi daktari anapata picha kubwa kwa kupima ukubwa wa korodani na homoni ya FSH kwa damu, ile inayoamrisha korodani kutengeneza mbegu, bila kukata. Siku hizi kukata kwa ajili ya kujua tu kumepungua.

Ikibidi, sindano nyembamba inaweza kudunga sehemu kadhaa za korodani kwa siku moja, na hiyo ni nguvu yake, juu kwa mwanaume ambaye kiwanda ni dhaifu mbegu zinaweza kuwa kona moja na kona zingine hakuna. Lakini haionyeshi ukuta wa mirija. Kinyama kinaonyesha: mbegu zinatengenezwa sawa, ama kidogo, ama zinaanza zinaishia njiani, ama mirija imebaki na seli za Sertoli peke yake, zile za kulea mbegu, bila mbegu zenyewe. Ila kinyama kimoja kimetoka mahali pamoja, kinaweza kukosa ile kona nzuri. Na hiki kinyama, tofauti na vile vingine vyote nilivyosema, fomalini ya kawaida inakikunja na kukiharibu sura, kinataka dawa inaitwa Bouin, ya manjano. Labu yako ikiwa haina, ni heri kujua kabla ya kukatwa.

Na ushauri ambao ningempa ndugu yangu wa tumbo moja: kama mna mpango wowote wa kupandikiza mimba, usikatwe ujue tu halafu ukatwe tena kutafuta mbegu. Fanya mahali ambapo zikipatikana zinagandishwa siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kumaanisha kusafiri, na ni gharama, lakini ni kisu kimoja.

Kwa mama, kinyama kinachoulizwa ni cha ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi. Zamani kilichukuliwa kwa karibu kila mwanamke asiyepata mimba, kusoma siku za mwezi kwa darubini, siku hizi hakipendekezwi kwa hiyo sababu. Lakini kwetu bado kina kazi, juu TB ya kizazi ipo, inaziba mirija kimya kimya bila kikohozi, na uvimbe wa muda mrefu wa huo ukuta upo. Chaguo ni mbili: kijibomba chembamba cha plastiki kama milimita 3 pale kliniki, unasikia tumbo likikata kama la hedhi kwa dakika chache unaenda nyumbani, ama kukwanguliwa theata, ile watu wanaita kusafishwa. Ya theata inatoa zaidi na unalala usingizi, lakini kukwangua kwa nguvu kunaweza kuacha makovu ndani, na makovu ndiyo kitu cha mwisho anayetafuta mtoto anahitaji. Pima mimba kwanza, usicheke, imetokea.

TB ikishukiwa, kichukuliwe siku chache kabla ya hedhi, na kigawanywe mara mbili: nusu kwa fomalini kwa ajili ya darubini, nusu kwa maji safi ya chumvi yasiyo na fomalini kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha vijidudu labu. Fomalini inaua vijidudu, ukitia chote humo kuotesha kumeisha. Hili peke yake limepotezea watu wengi kipimo.

Kulingana na hali yako

Tezi shingoni, jasho la usiku, umekonda: anza na sindano nyembamba, omba tone liende GeneXpert. Ikija "inashukiwa limfoma" usilie umepoteza pesa, imekuonyesha njia ya theata.

Mtoto mwenye taya linalovimba haraka, usichague, beba mtoto leo. Hospitali kubwa ya rufaa, iwe Jaramogi hapa Kisumu, ile wazee bado wanaita Russia juu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ama Moi kule Eldoret, ama ya kaunti pale Nakuru kama uko upande huo. Meno yang'olewe baadaye.

Titi, una miaka ishirini na kidogo, uvimbe unateleza chini ya kidole na ultrasaundi haina wasiwasi: sindano nyembamba inaweza kutosha, na saa zingine ni kuangaliwa tu. Titi, uvimbe mgumu, ngozi inavutwa ama chuchu imeingia ndani, ama una miaka arobaini kwenda juu na picha ina shaka: okoa pesa ya hatua ya kwanza, omba sindano nene. Kama uko mbali na ultrasaundi na sindano nene haipo kabisa karibu nawe, nyembamba leo ni bora kuliko nene ya miezi miwili ijayo, mradi ujue huenda utarudi.

Goita isiyo na shida, nyembamba. Ikija ngazi ya 1, yaani "haitoshi", rudia, ikija ya 4 ongea na mpasuaji.

Mwanaume mwenye sufuri, FSH ya kawaida na korodani za ukubwa wa kawaida: pengine ni bomba, uliza kama kuna haja ya kukata kabisa. FSH ya juu na korodani ndogo: usikatwe mpaka ujue mbegu zikipatikana zitawekwa wapi.

Na kwa yeyote ambaye tayari alikatwa na ripoti haieleweki, ama daktari mpya anasema turudie: kabla hujakubali, uliza kile kinyama cha kwanza kiko wapi. Kikishazamishwa kwa nta kinabaki kama kijibloku kidogo, kama kipande cha sabuni, na labu hukitunza kwa miaka. Unaweza kuomba bloku na slaidi ukampelekea patholojisti mwingine asome upya, hata vile vipimo vya homoni vikafanywa kutoka hapo. Kuna mzee wa Siaya alikuja kwangu asubuhi moja, akasaini kitabu, nikampa bloku tatu za mke wake, akazifunga kwa leso, akazitia kwa mfuko wa ndani wa koti na kuuliza gari la Eldoret linajaa saa ngapi.